Ukikutana na Simba Kitabuni

Vitabu vya wanyama vilivyopendwa sana Uingereza katika karne ya 12 na 13 viliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, vingine vikapambwa kwa dhahabu. Kabla hujafungua kimoja, shika haya.

1. Usimkimbie simba. Hakufuati wewe, anafuta nyayo zake kwa mkia. Watoto wake huzaliwa wafu, na siku ya tatu baba huwapulizia pumzi wakafufuka. Hesabu siku hizo, utamtambua: ni habari ya Kristo na kaburi lake.

2. Usimhukumu mwari haraka. Kweli ameua makinda yake yaliyompiga usoni. Lakini siku tatu baadaye hujitoboa kifua, akayamwagia damu yake yakaamka. Ni mfano wa Kristo aliyemwaga damu yake, ndiyo maana amechongwa makanisani.

3. Muonee huruma biva, yule mjenzi wa mabwawa mwenye mkia bapa. Wawindaji wanatafuta korodani zake kwa ajili ya dawa, naye hujing'ata, akawatupia, akaokoka. Fundisho: mtupie shetani dhambi zako, akuache. Lakini biva halisi hajawahi kujing'ata. Korodani zake zimo ndani ya mwili, na dawa ilitoka kwenye vifuko vilivyo karibu na mkia.

4. Mbweha akilala kama mzoga, ulimi nje, kaa mbali. Ndege waliotua kumdonoa wameliwa. Huyo ni Ibilisi. Kwenye viti vya mbao vya makanisa ya Uingereza utamkuta akiwahubiria mabata bukini.

5. Uliza kwanza mnyama anafundisha nini. Wewe uliyelelewa kwa hadithi za Sungura na Fisi unajua kazi hii tangu utotoni.

6. Mnyama mwenyewe akija, inuka ukamtazame. Vitabu vilidai tembo hana magoti: hulala ameegemea mti, na mti ukikatwa huanguka asiweze kuinuka. Mwaka 1255 Mfalme Louis IX wa Ufaransa alimzawadia Henry III wa Uingereza tembo, akawekwa katika Mnara wa London. Mtawa Matthew Paris akamchora, na magoti yamo. Navipenda vitabu vile kwa mafunzo yake, lakini mchoro huo naupenda zaidi: mtu aliyerithi hadithi nzuri, na bado akayaamini macho yake.