Namba D Kifuani

Betri ya moyo haina macho. Imefukiwa chini ya ngozi, upande wa kushoto chini kidogo ya mtulinga, na kila saa inabahatisha huku nje kuna nini. Ikihisi kifua kinatikisika, inaamua kwamba mwenye kifua anatembea upesi, pengine anakimbia, basi nayo inauharakisha moyo ili damu isichelewe. Nia yake njema kabisa. Tatizo ni kwamba walioiunda hawakupata kupanda bajaji mtaani kwetu Mbagala mvua za masika zikishapita.

Mimi nilitiwa betri baada ya kuzimika katikati ya kikao cha mirathi, na wapo ndugu ambao mpaka leo wanaamini ile ilikuwa mbinu ya kuahirisha mgao. Kumbe ile sehemu ya moyo inayoanzisha umeme wa kila pigo ilikuwa imechoka, inasinzia kazini kama mlinzi wa usiku. Nikapasuliwa kidogo, nikawekewa kifaa na nyaya zake mbili, nikakabidhiwa kadi. Kadi imeandikwa DDDR.

Kijana wa bajaji alipoiona akanipongeza, kana kwamba ni namba ya gari. "Namba D, mzee wangu! Bado kali hiyo."

Nikamwambia watu siku hizi wako namba E.

"Ya kifuani nani ataikagua, mzee? Twende."

Herufi tatu za mwanzo zinahusu vyumba vya moyo: vipi vinachochewa, vipi vinasikilizwa, na betri ifanye nini ikishasikia. Vituko vyote vimo kwenye R ya mwisho. Hiyo ndiyo ruhusa ya kubadili mwendo kufuata shughuli za mwenye mwili. Mimi nimepangiwa isishuke chini ya mapigo 60 kwa dakika, na ikichangamka isinipeleke zaidi ya 130. Katikati hapo betri inatumia akili yake.

Na akili yenyewe ndiyo hii. Nimekaa kwenye bajaji, mikono magotini, natazama kisogo cha dereva. Tunaingia kwenye mashimo. Kile kipimo cha kubana kidoleni kinasoma 80, mara 95, mara 110. Mke wangu anakichungulia, halafu anachungulia nje kuona ni nani huyo aliyepita. Nje hakuna mtu, kuna kuku tu.

"Sijasema kitu," akasema.

Tukashuka hajasema kitu.

Jikoni nako ni yale yale. Tangu nistaafu nimepewa idara ya kukuna nazi, na ukikalia mbuzi ukakuna kwa bidii, mwili mzima unacheza kuanzia mabega. Betri inaona mbio za marathoni. Kabla tui la kwanza halijachujwa nimeshafika 115, uso unang'aa jasho, na dada yangu anauliza kama nazi moja ndiyo imenifanya hivyo. Siku hizi nakuna robo, napumzika, nakuna robo nyingine. Wali unaiva saa tisa alasiri.

Lakini kioja hasa ni ngazi. Binti yangu anakaa Kariakoo, ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake inahudumia zaidi wageni wenye bahati. Nikipanda, miguu inakwenda taratibu na kwa adabu, kifua hakitikisiki sana, basi betri inadhani nimeketi barazani. Nafika ghorofa ya tatu natweta, magoti yanauliza maswali, moyo uko 75, umetulia kama haunihusu. Wakati wa kushuka, ambapo sihitaji msaada wowote, kila daraja mguu unatua kwa kishindo, na betri inashtuka na kunipa 110. Wajukuu wameshahitimisha kwamba babu haogopi kupanda, anaogopa kurudi kwake.

Usiku sina bajaji wala nazi wala ngazi, na bado nilikuwa naamka. Saa saba hivi moyo unabadilika mwendo, unakwenda hivi mara vile, kisha unatulia. Shemeji yangu alivyosikia saa yenyewe hakuhitaji maelezo zaidi. Kwa hesabu zake huo ndio muda wanga wanaingia zamu. Akaleta hirizi, akataka nivae kifuani, upande wa kushoto. Nikamwambia upande huo umeshapangishwa.

Nilipeleka madai yote kliniki. Binti anayezipima betri akaniwekea kifaa chake kifuani, kompyuta ikasoma kila kitu. Ya saa saba usiku ikaeleweka mara moja: betri ya aina yangu hujipima yenyewe watu wakiwa wamelala, kujua ni umeme kiasi gani unatosha kuuamsha moyo bila kufuja chaji, na katika kujipima hubadili mwendo kwa muda mfupi. Kuhusu bajaji hakutoa hotuba. Aligonga kwa ncha za vidole juu ya kile kivimbe, kama anayebisha hodi, na mstari kwenye kioo ukaanza kukimbia.

"Unaona, baba? Hakuna jini hapo. Ni mimi."

Nisije nikaonekana sina shukrani. Betri ya kwanza kabisa kufukiwa mwilini iliwekwa Stockholm mwezi Oktoba 1958. Mhandisi Rune Elmqvist aliitengeneza kwa kumimina plastiki ya maji kwenye kopo la dawa ya viatu, Kiwi, hii hii tunayoijua. Ilifanya kazi saa chache tu, ikafa. Mgonjwa, Arne Larsson, akawekewa nyingine, na nyingine, zikapita ishirini na kitu, mpaka akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Elmqvist na daktari aliyempasua, Åke Senning, walikuwa wameshatangulia. Kwa mtu aliyeanza na kopo la Kiwi, hayo ni maisha.

Betri yangu haijawahi kufa hata dakika moja. Inapenda tu kukimbia. Binti wa kliniki akasema anaweza kuipunguzia wepesi wa kuhisi mtikisiko, lakini nichague: akiipunguza, bajaji na nazi zitatulia, ila ngazi za Kariakoo nitazipanda kwa taabu zaidi, akiiacha, ngazi zitakuwa afadhali na barabara itaendelea kunidhalilisha mbele ya mke wangu. Nikauliza kama hakuna namna ya tatu.

"Ipo, baba. Mtaa wenu uwekwe lami, halafu urudi tupange upya."

Nikamwambia aipunguze, na kwamba binti yangu atakuwa anashuka yeye kunisalimia. Nilipotoka pale nikapitia ofisi ya serikali ya mtaa na barua ya kuulizia lami, nimeambatisha grafu ya mapigo yangu kama kielelezo. Mtendaji aliigeuzageuza, akauliza kwa upole huo mlima mrefu ni wa wapi. Nikamwonyesha: hapo ni mbele ya ofisi yako.