Viti Vipya, Bosi

Hongera, bosi, kwa viti vipya vya Land Cruiser yako. Makalio sasa yanakaa juu ya mikanda iliyotandwa kwenye fremu ya mabomba, ili mgongo usipate habari za mashimo. Bibi zetu wa pwani walilalia kitanda cha kamba kwa hekima hiyohiyo, ila wao hawakulipa ushuru bandarini.

Breketi za kushikia viti ndizo zilizokushinda. Zilizotengenezwa kwa ajili ya gari lako hukaa kwenye matundu ya kiwandani, bolti kwa bolti. Ukaziona ghali, ukamwachia fundi vyuma chakavu na mashine ya kuchomelea. Matokeo: kofia inasugua dari, na kiti cha abiria kimeelekea dirishani kama kilichonuna. Kifungio cha mkanda wa usalama kimebaki na kiti cha zamani huko barazani, paka anakilalia. Taa ya eabegi inawaka tangu waya wa manjano wa chini ya kiti uchomolewe. Fundi kaitibu kwa selotepu nyeusi.

Na safari yenyewe? Masaki hadi Mlimani City, lami tupu.

Kachukue kile kifungio, bosi, ukifunge kwa bolti yake, si ya bawaba ya mlango.