Misukule na Mlango wa Uani

Nyumbani kwetu Tanga hadi leo hatujakubaliana kama yule bwana wa kwenye filamu alikosea au alipatia aliposema wote washuke chumba cha chini. Mume wangu anasema alipatia. Mdogo wake anasema mtu wa aina ile hata akipatia hafuatwi. Na ugomvi wenyewe umetugharimu mlango wa uani.

Filamu aliileta shemeji kwenye flashi, Jumamosi moja ya masika. Ni Night of the Living Dead ya mwaka 1968, nyeusi na nyeupe. George Romero na wenzake, vijana waliokuwa wakijipatia riziki kwa kutengeneza matangazo ya biashara, waliipiga kandokando ya mji wa Pittsburgh, Marekani. Shemeji alitueleza kwa fahari kwamba hakuiiba. Wasambazaji walibadilisha jina la filamu karibu na kuitoa, na tangazo la hakimiliki lililokaa pamoja na jina la zamani likafutika nalo. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kazi iliyotoka bila tangazo hilo ilikuwa mali ya kila mtu. Wenyewe walipoteza fedha nyingi, na sisi wengine huku tukapata filamu.

Mama mkwe alikubali kukaa nasi kwa sharti moja: awepo wa kutafsiri, kama kwenye vibanda umiza. Kazi hiyo akapewa kijana wetu wa kidato cha tatu, akasimama kando ya televisheni akitupa kila neno kwa sauti mbili, ya kiume na ya kike.

Maoni yalianza kabla filamu haijapata moto. Dada na kaka wamesafiri mbali kuweka shada kwenye kaburi la baba yao, na kaka analalamikia safari, kisha anamtania dada yake palepale makaburini. Mama mkwe akaacha kuchagua mchele. "Huyu harudi nyumbani," akasema. Kweli, haikupita muda akaangushwa na kufa. Kwa mama mkwe kisa kizima kilikwisha elezwa pale, na sayansi iliyofuata aliiona ni ya kupoteza wakati.

Sayansi yenyewe ni hii: chombo cha anga kilichokuwa kikirudi kutoka Zuhura kimelipuliwa kwa kuwa kimebeba mnururisho usiojulikana, na huenda ndio unaoamsha maiti. Binti yetu, ambaye hapatani na jambo lisilo na ushahidi, alipinga vikali. Mnururisho huua chembe hai, akasema, haufufui zilizokufa. Mama mkwe naye alipinga, ila kwa hoja yake. Msukule hajiendei ovyo, ana mwenyewe aliyemchukua na anayemtumikisha. Hawa ni wa nani? Nimelifikiria sana swali hilo. Watu wa serikali na wanasayansi wanaobishana mbele ya waandishi katika filamu hawakulijibu, na naamini hofu kubwa ya filamu iko hapo, kwamba hakuna wa kumwendea ili aambiwe awaite watu wake warudi.

Nyumba ya shamba wanamokimbilia ilikuwa ya kubomolewa, ndiyo maana waliweza kuipigilia misumari na kuvunja watakacho. Fedha zote zilikuwa takriban dola 114,000. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, ambayo kwenye picha nyeusi na nyeupe huonekana damu tupu. Yule kaka wa makaburini ni Russell Streiner, mmoja wa watayarishaji. Bwana Cooper, anayeng'ang'ania chumba cha chini, ni Karl Hardman, mtayarishaji mwingine, na mtoto anayeumwa kule chini ni binti yake wa kumzaa, Kyra. Umaskini huu ndio unaonifanya niipende kuliko filamu za mabilioni. Hawakuwa na uwezo wa kutuonyesha miji ikiteketea, basi wakatufungia ndani na watu saba wasiosikilizana, na hilo kila mwenye nyumba analijua.

Ben, kijana mweusi aliyechezwa na Duane Jones, anataka wabaki juu, wazibe madirisha, wabaki na njia ya kutokea. Cooper anataka chini, kwenye mlango mmoja wa kufunga kwa ndani. Hapo sebule yetu ikagawanyika. Mume wangu, ambaye hukagua makomeo yote kabla ya kulala, akasimama na Cooper. "Mlango mmoja unaulinda. Madirisha kumi utayalindaje?" Shemeji akasema mlango mmoja ni kaburi, na kwamba Cooper hataki usalama, anataka kutiiwa. Wakapandishiana sauti, na naapa walikuwa wamekwisha toka kwenye filamu, wameingia kwenye lile shamba la urithi ambalo huwa hawalitaji mbele ya mama yao.

Wakati huo kule chini mtoto amekufa, ameinuka, na ameshika mwiko wa fundi mwashi. Mama yake anamfuata kwa mapenzi, akimwita. Mwiko ukapanda juu, na umeme ukakatika. Yuniti za luku zilikwisha.

Mvua ilikuwa inanyesha. Simu za watu wazima zilikuwa hazina salio wala chaji ya maana. Tukiwa tunapapasa mshumaa, mlango wa uani ukapigwa kwa kiganja, polepole. Kisha ikafuata sauti ambayo haikuwa neno. Kwetu mtu akifika hupiga hodi. Asiyepiga hodi usiku hana nia njema, hilo hata mtoto analijua. Mtafsiri wetu akachungulia dirishani, radi ikamulika, akarudi akiwa hana sauti ya kiume wala ya kike. Alichokiona ni mtu mrefu mwenye kanzu nyeupe iliyojaa matope, mikono mbele, akipapasa ukuta.

Mume wangu akaamuru wote tuingie chumba cha kati, chenye mlango mmoja. Shemeji akakataa, akavuta ubao wa kitanda cha zamani uliokuwa jikoni, akachukua nyundo na misumari ya inchi nne, akaanza kuupigilia mlangoni gizani. Watoto wakasukuma kabati la vyombo. Kaka mmoja anavuta watu kwenda ndani, mwingine anawaita waje washike ubao, na sahani zinaanguka. Mume wangu akarudi na mchi wa kinu, akasimama nyuma ya mlango ameuinua.

Huko nje mtu akakohoa.

"Weka chini huo mchi," mama mkwe akasema. "Kikohozi cha mwanangu nakijua."

Alikuwa kaka yao mkubwa, kutoka Handeni. Alikuwa amekesha kwenye hitma, akasoma dhikri hadi sauti ikampotea, basi likakwama kwenye tope, akashuka kulisukuma na wenzake. Alipita uani kwa kuwa yeye si mgeni wa kuingilia mbele. Hodi alipiga tangu mwanzo, ila haikutoka.

Kumfungulia kulichukua muda mrefu kuliko kumfungia. Shemeji aling'oa misumari kwa ncha ya nyundo, mume wangu akavuta ubao kwa nguvu, na fremu ikapasuka kutoka juu hadi kwenye kitasa. Baba Mkubwa akaingia akitetemeka. Tulimpa nguo kavu na chai ya tangawizi, akanywa bila kuuliza chochote, macho yake kwenye ule mchi. Binti yetu, aliyekuwa kimya, akasema kwamba kwenye filamu mama alimtambua mwanawe ndipo akauawa, na hapa Bibi amemtambua mwanawe ndipo akapona. Sikuwa nimeliona hivyo. Ni bora kuliko mengi niliyosoma juu ya filamu hii.

Jirani alitununulia luku kwa simu yake, na mama mkwe mwenyewe akaagiza tumalize. Juu hapakufaa tena, misukule walikuwa wamejaa. Ben akashuka kulekule chini alikokukataa, akajifungia, akapona usiku ule. Mume wangu akamtazama mdogo wake, asiseme neno. Asubuhi kikosi cha wenye bunduki kinakuja kusafisha eneo. Ben anasikia, anapanda, anasogea dirishani. Wanamwona kwa mbali, na mmoja anaambiwa ampige kichwani.

Shemeji akasimulia jambo ambalo Romero alikuwa akilieleza: kwamba Duane Jones alichaguliwa kwa kuwa ndiye aliyefanya vizuri zaidi kwenye usaili, wala hadithi haikuandikwa kwa ajili ya mtu mweusi; na kwamba mwezi Aprili 1968, wakiwa njiani kuipeleka filamu New York, walisikia redioni kuwa Martin Luther King ameuawa. Baada ya hapo hapana aliyeweza kuitazama risasi ile kama risasi ya bahati mbaya. Mwaka 1999 filamu hiyo iliingizwa kwenye orodha ya taifa la Marekani ya filamu za kuhifadhiwa, na naona ilistahili kwa mwisho ule peke yake.

Baba Mkubwa alitaka kusema. Tukamsogelea, akanong'ona, mtafsiri wetu akatutolea kwa sauti: hakuna hata mmoja wa wale wenye bunduki aliyemwita Ben aone kama ataitika. Ndugu zake wawili waliinamisha macho. Shamba lile la urithi lilizungumzwa wiki hiyohiyo, mbele ya mama yao, naye Baba Mkubwa akasimamia.

Fundi seremala alikuja Jumatatu. Alipoisikia habari ya mlango aliomba aonyeshwe kipande Ben anapopigilia mbao, akakitazama kwenye simu ya kijana wetu huku kipimo kikiwa mkononi. Alisema yule bwana ana moyo lakini si fundi: ameacha nafasi kati ya ubao na ubao ambapo mkono unapita. Kuhusu juu au chini hakutaka kusema kabla hajaona yote, akaondoka na flashi pamoja na malipo ya fremu mpya.