Kompyuta Inayomngoja Mpwa Wangu

Hapa Uvira umeme ukirudi alfajiri, hakuna anayenawa uso kwanza. Pasi, simu za majirani, taa ya kuchajisha, vyote vinagombea prizi moja. Nami nikasukuma pasi kando nikachomeka kompyuta. Alama ikatokea, kigurudumu kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Nikahesabu hadi hamsini, nikakandamiza kitufe hadi ikazima. Nikawasha tena. Mara saba.

Washauri hawakukosekana. Jirani: "Umeme huu unaingia kwa kishindo, umekuunguzia." Mama watoto: "Ni vumbi. Nilisema uifunike kitambaa." Kijana fundi wa sokoni hata hakuifungua: "Papa, shida ni hiyo Linux yako. Leta dola kumi, nifute yote, niweke Windows."

Afute yote! Na picha za harusi ya binti yangu?

Niliweka Ubuntu, ndiyo hiyo Linux yenyewe, kwa sababu haina malipo. Walioitoa mwaka 2004 waliazima jina hilo kutoka lugha za kusini mwa Afrika, na maana yake ni utu. Ng'ambo ya mto Ruzizi, Mrundi akikuambia kitu ni "ku buntu", ujue hutoi hata faranga. Siku hiyo utu sikuuona. Bure ndiyo niliipata: nilihangaika bure.

Kilichoniokoa ni mukeke. Jioni niliwasha mara ya nane huku nikila samaki huyo wa kuchoma, vidole vinang'aa mafuta, kwa hiyo sikuweza kuizima kwa hasira. Nikagusa kitufe cha Esc kwa kidole cha mwisho, kilichokuwa bado safi. Ile picha nzuri ya kigurudumu ikaondoka, maandishi yaliyojificha nyuma yake yakajitokeza: inasubiri diski, sekunde 57 kati ya dakika 1 na nusu.

Kumbe kila nilipohesabu hamsini nilikuwa naikata kauli!

Diski ipi? Nikakumbuka. Mwaka jana niliandika mwenyewe kwenye faili la fstab, ambalo mashine husoma ikiamka ili ijue diski za kuunganisha, kwamba diski yangu ya filamu lazima iwepo. Na diski hiyo ilikuwa imevuka mpaka wa Kavimvira wiki mbili kabla, ndani ya begi la mpwa wangu, kwenda Bujumbura. "Nitairudisha kesho, mjomba."

Safari hii nikaiacha imalize. Dakika moja na nusu ilipotimia ikakata tamaa, ikanifungulia skrini nyeusi ya dharura. Nikanawa mikono, nikafungua faili, nikaongeza neno moja kwenye mstari wa diski: nofail. Yaani, asipokuja, tuendelee. Nikawasha upya, ikaamka bila kumuulizia mtu.

Tangu hapo nimeiheshimu. Nimeshakaa bandarini Kalundu tangu asubuhi hadi jua linazama nikingoja boti, na hakuna aliyeniambia tunamngoja nani wala hadi saa ngapi. Mashine yangu ilitaja jina, ikahesabu na sekunde.

Jumapili tuna kikao cha ukoo, na kama kawaida hakianzi hadi baba mkubwa afike. Nikapendekeza jina lake tuliandikie nofail.

"Vizuri," akasema mama watoto. "Ila tuanze na lako."