Mpeni Mpelelezi Ubwabwa

Nina ugomvi na waandishi wa riwaya za kipolisi wa Uingereza, na ugomvi wenyewe hauhusu maiti. Maiti nimezizoea. Lazima ipatikane kurasa za mwanzo kabisa, tena na mtu aliyetoka alfajiri na mvua yake kutembeza mbwa. Mwingereza asiyetaka kukuta maiti na afuge paka. Kinachonikera ni kwamba tangu hapo mpaka muuaji anatiwa pingu, yule mwanamke anayeongoza upelelezi hali chakula.

Sisemi anakula kidogo. Hali. Anakunywa kahawa ya mashine kwenye kikombe cha karatasi, anamega mkate wenye kitu baridi katikati, simu inalia, mkate unaachwa kwenye gari. Usiku wa manane anafungua friji nyumbani kwake: limau lililokauka na chupa ya mvinyo. Anachukua mvinyo. Mimi huku nimejilaza na kitabu, roho inaniuma, natamani nimpelekee hata kiporo.

Mchukueni Jane Tennison wa Prime Suspect, kazi ya Lynda La Plante iliyotoka mwaka 1991, kwenye televisheni akachezwa na Helen Mirren. Ni mkaguzi mkuu wa upelelezi jijini London. Cheo anacho, akili anayo, ila kesi za mauaji wanapewa wanaume. Ili naye apate moja, ilibidi kwanza mwenzake Shefford aanguke na kufa kwa ugonjwa wa moyo. Na mimi nimewahi kuomba kupandishwa cheo, lakini sijaona bado ofisi ambayo barua ya maombi inaambatanishwa na cheti cha kifo cha mtu mwingine.

Anaingia kazini anakuta vijana wa marehemu wamemnunia, sajenti Otley akiwa kinara wa kununa. Anapekua jalada, anagundua kuwa hata maiti yenyewe ilipewa jina la mtu mwingine. Mshukiwa inabidi aachiwe, kazi ianze upya, na hakuna anayemuuliza mama wa watu kama ametia kitu tumboni.

Sasa sikilizeni kituko. Uingereza wana sheria yao ya polisi na ushahidi ya mwaka 1984. Mshukiwa anashikiliwa saa 24. Kosa likiwa zito, mkubwa wa polisi anaweza kuongeza mpaka 36. Kupita hapo aamue hakimu, na hata hakimu mwisho wake ni saa 96. Muda wote huo, kwa kanuni zinazoambatana na sheria hiyo, mshukiwa apewe mlo mmoja wa maana na miwili myepesi kila siku, na aachwe apumzike saa nane mfululizo. Kwa hiyo katika kituo kizima, anayekula na kulala kwa mujibu wa sheria ni muuaji. Anayemsaka anazibua macho kwa kahawa.

Nyumbani nako kuna Peter. Peter ni mwanamume mstaarabu, hapigi, hatukani. Anachotaka ni mwanamke anayerudi mapema. Asipompata, anaondoka. Kwamba sufuria ni chombo kisichochagua jinsia ya anayekishika, hilo Peter halimpitii kabisa kichwani.

Halafu watazameni wanaume wa kazi hiyohiyo. Wexford wa Ruth Rendell ana Dora wake anayemngoja. Morse hana mke, lakini kapewa bia, muziki wa opera na Jaguar. Upweke wa namna hiyo hata mimi nautaka. Poirot ana mtumishi wa kumtunzia suti. Maigret wa kule Ufaransa ndiye kiboko: mke anapika chakula cha kueleweka, na akikesha kumhoji mtu ofisini, bia na mikate vinaletwa kutoka mgahawa wa jirani.

Wanawake wamebakiziwa nini? Karen Pirie wa Val McDermid usingizi umemkimbia, anazunguka mitaa ya Edinburgh usiku. Kim Stone wa Angela Marsons ana pikipiki na mbwa. Vera Stanhope wa Ann Cleeves ana nafuu kidogo, maana akienda kuhoji watu keki ikiletwa haikatai. Kisha anarudi peke yake milimani Northumberland, kwenye nyumba aliyoachiwa na marehemu baba yake. Mtu na cheo chake anashibia kwa mashahidi!

Najua La Plante hakuzua. Alielekezwa na Jackie Malton, mpelelezi wa kweli na mmoja wa wanawake wachache waliofikia cheo cha Tennison London enzi hizo. Na mpaka 1973 polisi wa kike wa jiji hilo walikuwa na idara yao pembeni, kazi yao kubwa ikiwa kushughulikia wanawake na watoto. Mtu aliyeingizwa kwa mlango huo hawezi kutoka kazini saa kumi na moja jioni akaeleweka. Hilo nalikubali. Ila miaka zaidi ya thelathini imepita tangu Tennison, wapelelezi wa kike wamejaa kwenye rafu, na friji bado ina limau.

Nilimmwagia malalamiko haya wifi yangu, ambaye ndiye mwenye vitabu. Akanicheka.

"Wifi, mtu akishapikiwa akashiba, ataamka saa nane za usiku kumfukuza muuaji? Njaa ndiyo kitabu chenyewe."

"Maigret je? Riwaya 75 kapikiwa. Mbona aliamka?"

"Aa, Maigret usimtie humo. Maigret alikuwa na mke."

Nikamwambia ndiyo hayohayo ninayoyapigia kelele tangu tulipokaa.