Sifa za Mkwaju

Machakos imesifiwa kwa maembe yake, kwa vinyago vya Wamunyu, na kwa Kya Mwilu ambako maji huonekana yakipanda mlima. Mkwaju haujasifiwa na yeyote. Nausema ule mstari ulioinama, /, ambao vijana wa saiba huuita slashi na kuulaani kila siku ya kazi.

Dhuluma kubwa! Nusu ya ardhi ya kaunti hii imesimama juu yake. Tazama hati miliki: jina la eneo la usajili, mkwaju, jina la sehemu, mkwaju, kisha tarakimu. Machakos/Kiandani/ na nambari yako. Mzee akifa, shamba likagawiwa wana wanne, nambari ya zamani hufungwa na nne mpya hutolewa. Ndugu wanaweza kununiana hadi kaburini, lakini mikwaju yao inabaki pale pale ilipokuwa ya baba.

Sasa mpelekee kijana wa saiba hati hiyo aiskani, na umwombe aihifadhi kwa nambari yake. Windows itakataa katakata, maana jina la faili haliruhusiwi kubeba mkwaju. Programu kwenye Linux haitakataa jina. Itaamini tu kwamba Machakos ni folda, Kiandani ni folda ndani yake, na tarakimu ndizo faili. Folda hizo zisipokuwepo, kazi inakwama. Basi kijana anaweka kistari, mwenzake wa jioni anaacha nafasi, wa kesho anaunganisha yote. Hati moja, majina matatu, na kila jina linaskaniwa upya kwa pesa. Nionyesheni mradi wa ajira ulioanza kwa gharama ndogo hivyo.

Ukoo wake nao ni wa heshima. Unix iliutumia kutenganisha folda tangu miaka ya 1970. MS-DOS ilipopata folda mwaka 1983, mkwaju ulikuwa tayari umeajiriwa kubeba machaguo ya amri, hivyo Microsoft wakaugeuza: \. Tangu hapo waandishi wa programu hawajakosa cha kurekebisha.

Ndipo maktaba za programu za kukata na kuunga njia za faili zikazaliwa. Katika lugha ya Python, os.path.join huunga vipande kwa utiifu mpaka kipande kimoja kianze na mkwaju. Hapo vyote vilivyotangulia hutupwa, kama mgeni aliyekaribishwa chai akawatoa wenyeji nje. Hakuna onyo lolote. Ukikata njia inayoishia kwa mkwaju, jina la mwisho unaloletewa ni tupu. Na mwaka 2014 ilipoingia pathlib, alama hiyo hiyo inayogawanya hesabu ikapewa kazi ya kuunganisha njia. Mwanasiasa yupi wa Ukambani amewahi kugawanya na kuunganisha kwa mkono mmoja, na akaeleweka?

Raia wa kawaida wanauhitaji mkwaju hata zaidi. Ukiwa Nairobi uambiwe, “Tukutane Machakos,” huenda mwenzako anasema kituo cha mabasi kilicho mjini humo humo, zaidi ya kilomita 60 kutoka Machakos yenyewe. Angeandika Nairobi/Machakos, nauli yako ingepona. Ila amepiga simu, na mkwaju hausikiki kwenye simu. Wewe uko Kyumvi tayari, kwenye njia panda ya Machakos, na makanga hana chenji.