Pongezi kwa Foleni

Tuwahurumie wanaolala bwenini: wiki yao ya kwanza chuoni inaishia kwenye chai na usingizi. Sisi tunaotoka Kabuga, pembezoni mwa Kigali, tunaanza masomo alfajiri, kwenye foleni ya basi, mhadhiri asiyegoma wala kuugua. Mwaka 2013 Rwanda iliunganisha vyuo vya umma kuwa Chuo Kikuu kimoja. Basi la asubuhi linaendeleza kazi hiyo kwa kuunganisha mbavu. Mwenye haraka apande pikipiki, avae helmeti iliyokwisha kuhifadhi jasho la nusu ya Kigali. Ratiba nayo ina huruma: kipindi saa mbili asubuhi, kingine saa kumi na moja jioni, na katikati tumepewa kivuli cha mti, bure. Kudai mabweni tuwaachie wavivu.